Chumba Ambacho Sikukipima

Mpaka leo nikienda misa ninahesabu hatua. Kutoka geti letu hadi mlango wa kanisa ni hatua mia sita na kumi na mbili. Siku magoti yakiniuma zinafika mia saba, na mke wangu huniuliza kama kanisa limehama. Nilipima viwanja vya mji huu wa Lubumbashi kwa miaka thelathini na minne, na miguu yangu haikupewa barua ya kustaafu. Basi vijana mnaoanza kazi hii, mkimwona mzee anatembea barabarani kwa hatua zilizo sawa akitaja namba peke yake, msimcheke sana. Mmoja wenu ameniomba niwaandikie niliyojifunza. Nitaandika, ila kubwa kuliko yote ni lile nililojifunza kwa kukosea, na bado linaniuma.

Sisi tulianza na mnyororo wa chuma. Ulikuwa mzito, jua likiwaka unaunguza viganja, mvua ikinyesha unaleta kutu hadi kwenye shati. Baadaye ikaja mita ya kitambaa, kisha ile ya chuma chembamba inayojikunja yenyewe, na sasa nyinyi mnasimamisha fimbo yenye kofia juu, setilaiti inawapa namba, mnamaliza kabla chai haijapoa. Siwaonei wivu. Naona tu kwamba mashine yenu haina haja ya kuingia ndani ya nyumba za watu, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mwewa, mzee mfupi aliyevaa kofia ya kazi ya reli ingawa reli alikuwa ameiacha zamani. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila nyumba tuliyopima aliingia vyumba vyote, hata choo, akaweka kiganja chake kwenye kila ukuta, upande wa ndani na upande wa nje. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

“Papa, si tunapima kiwanja,” nikamwambia. “Hatupime bitanda ya bantu.”

“Bantu banalalaka ku kiwanja ao ku kitanda?” akaniuliza. “Ingia.”

Nikaingia. Nilikuwa kijana, nikafikiri mzee anapoteza muda ili asitumwe kiwanja kingine siku ileile.

Na kweli alikuwa hana haraka. Kuna siku tulitumwa karibu na Kasomeno, njia ya Kasenga, ndugu wawili wanagombea mpaka. Jiwe la mpaka halikuonekana. Tulizunguka hadi mwenye upande mmoja akaanza kutuonea huruma, akatuletea viti tupumzike. Papa Mwewa hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye kikapu kilichokuwa chini ya ukuta, kuku akiatamia ndani, akamwinua kuku kwa mikono miwili polepole, akaondoa kikapu, na jiwe likawa pale. Mwenye kuku alisema hakujua kabisa, labda kuku mwenyewe alilipenda. Tukapima, Papa Mwewa akamrudisha kuku juu ya mayai yake, akamwomba radhi. Kuku, si mwenye kuku.

Lakini msidhani watu watawaita kwa ajili ya mawe tu. Mara nyingi watawaita pale ndugu wanapoachana. Baba amekufa, ameacha nyumba. Watoto wameweka nyumba rehani benki kwa pamoja ili mmoja afanye biashara, au wote wajenge. Miaka miwili mitatu wanapatana, kisha mmoja anachoka na anataka kutoka. Hapo mnaitwa, kwa sababu mtu huyo hataki kutoka mikono mitupu.

Mwambieni mtu huyo mapema kwamba deni na nyumba ni vitu viwili. Unaweza kutoka kwenye kimoja ukabaki kwenye kingine bila kujua. Nilimfahamu mtu mmoja, wazazi wake walitoka Kasai, mfanyabiashara msomi, diploma mbili ukutani na tai hata Jumamosi. Alikasirikiana na dada zake, akaandika barua ya Kifaransa kizuri sana, akasema anawaachia sehemu yake ya nyumba na hataki tena habari za mkopo. Dada zake wakaipeleka barua kwa notaire, yule wa serikali anayethibitisha hati, wakaandikisha nyumba yote kwa majina yao. Benki haikuisoma. Kwa benki yeye alibaki mdaiwa kama zamani. Aliniita nikampimie kilicho chake, nikazunguka uwanja nikiwa na mita mkononi, na sikuwa na mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo anayetaka kutoka na bado kulinda sehemu yake anahitaji karatasi tatu. Ya kwanza ni ya benki, inayosema wazi kwamba yeye si mdaiwa tena. Ya pili inaondoa rehani juu ya ile sehemu atakayobaki nayo, maana ukitoka kwenye deni huku ukuta wako bado uko rehani, ndugu yako akishindwa kulipa benki itauza ukuta wako pia. Ya tatu ni hati ya usajili yenye jina lake peke yake. Asikubali kupewa moja kwa ahadi ya nyingine. Na karatasi zote tatu zitazungumzia mstari mmoja, ule utakaochorwa na wewe mpimaji. Ukichora vibaya, mihuri yote itakuwa mizuri na mtu wako atakuwa ameumia.

Hayo yote niliyajua. Niliwafundisha wengine. Kisha ikafika zamu ya nyumba ya wakwe zangu, kule mtaa wa Makomeno.

Baba mkwe alikuwa mtu wa reli. Alijenga nyumba ya matofali inayotazama barabara, na baadaye akaunganisha nyuma yake vyumba vingine vitatu na jiko. Alipokufa aliacha watoto wawili, mke wangu, ambaye ninamwita Mama Mireille kwa jina la binti yetu wa kwanza, na mdogo wake Dieudonné. Mama yao akabaki anakaa katika chumba cha kwanza cha nyuma, kile kilichoshikana na nyumba ya mbele. Baba mkwe alikuwa amefia humo, juu ya kitanda chao, na mama alikuwa akisema kila mara kwamba na yeye atafia palepale, kwenye pembe ileile. Alilisema bila huzuni, jinsi mtu anavyosema atakaa kiti gani.

Dieudonné alitaka lori la kupeleka bidhaa Sakania, mpakani na Zambia. Akamwomba dada yake waweke nyumba rehani pamoja, wakaiweka, na mama naye akabonyeza kidole gumba kwa sababu mwanawe alimwomba. Lori lilitembea vizuri mwanzoni. Kisha Dieudonné akaanza kuchelewa kulipa, na benki ikawa inampigia simu mke wangu, hata akiwa sokoni mbele ya wateja wake wa samaki. Akakonda. Siku moja aliweka simu mezani, akaniambia:

“Baba Mireille, miye nataka kutoka mu hii deni. Lakini chumba ya mama, muntu hapana kuigusa. Deni bachukue, barabara bachukue, chumba ya mama ibakie.”

Jumapili iliyofuata tulikaa sebuleni Makomeno. Dieudonné alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Yaya, dada yangu, unanikimbia?” akauliza.

“Sikukimbie,” mke wangu akamjibu. “Natosha mama, namutoa mu maneno ya camion yako, ile lori. Weye uko mwanaume, utatoka. Mama ataenda wapi?”

Dieudonné alilia. Alimpenda mama yake, na nisingependa mmfikirie vibaya. Alikubali yote. Benki nayo ikakubali, kwa kuwa nyumba ya mbele, inayogusa barabara, ilitosha kuwa rehani peke yake. Kiwanja kingekatwa vipande viwili. Dieudonné angebaki na mbele na deni lake, na mke wangu angepata nyuma, huru, kwa jina lake. Kilichobaki ni mstari.

Wakati wote ule mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia, akitusikiliza, kwa sababu mimi nilikuwepo. Hapa lazima niwaeleze nyinyi wa leo, mnaokaa na mama wakwe zenu kochi moja mkitazama mpira. Kwa watu wetu wa kaskazini ya Katanga, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, na kizingiti cha chumba chake hakikanyagi. Kuna njia ya kulimaliza jambo hilo. Unampelekea kitenge na kuku, mnasema maneno ya heshima mbele ya wazee, na toka siku hiyo mnakuwa kama mama na mtoto. Mimi kuku huyo nilimwahidi miaka ishirini na saba. Hakuna siku niliyokosa kuku. Nilikuwa nimezoea tu, na nawaambia ukweli, mama mkwe asiyekuona hakugombezi.

Nikasema nitapima mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa kabla ya kosa. Usipime nyumba ya mkeo. Mwenzangu wa ofisini angetia sahihi kwenye mchoro, na mimi ningefanya kazi, ili mambo yaende haraka na familia isizungumzwe na watu wa nje.

Nilifika asubuhi na mita yangu. Kwa nje, pale ukuta wa nyumba ya mbele unapokutana na vyumba vya nyuma, kila upande kulikuwa na ufa mwembamba ulioshuka kutoka paa hadi chini, mahali ambapo tofali la zamani na tofali jipya hayakushikana vizuri. Kwa jicho la kazi, nyumba ya mbele ilikuwa inaishia pale. Nikaweka alama ya chaki. Kisha nikafika kwenye mlango wa chumba cha mama. Ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, na ndani nilimsikia akikohoa na kusogeza sahani.

Mke wangu akanyoosha mkono.

“Nipe mita. Miye nitaingia, weye utasoma namba ku dirisha.”

“Asha,” nikamkataza, nikimwambia aache. “Hii ni kazi ya géomètre, ya mupimaji.”

“Shi mama yangu njo eko mule ndani?”

“Nimesema asha.”

Nilijiambia kwamba ni heshima, kwamba sitamfanya mama mkwe apimwe kitanda chake kama mali ya mnada. Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria, na najua sasa kwamba heshima ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kiburi. Sikutaka mwanamke muuza samaki ashike mita yangu mbele ya majirani. Nikavuta mstari ulionyooka kutoka kwenye ufa wa upande mmoja hadi kwenye ufa wa upande wa pili, nikaenda ofisini, nikachora. Mchoro ulitoka mzuri. Mwenzangu alitia sahihi bila kuuliza, kwa sababu aliniamini.

Karatasi zote tatu zilitoka. Mke wangu alizifunga ndani ya kitenge, akaziweka chini ya nguo za kanisani, na wiki ile alianza tena kuimba akipika bukari, ugali wetu. Nilijisikia mwanamume.

Lori la Dieudonné lilikufa injini njiani. Akakopa kwa watu kulitengeneza, likafa tena. Mwishowe aliondoka mjini kwa aibu, akawa anapiga simu Noeli tu, kisha hata Noeli akaacha. Benki ikauza nyumba ya mbele. Aliyeinunua alikuwa mtu mpole, mwenye duka, ambaye alitaka kujenga ukuta wake kwenye mpaka ili kila mtu akae kwa amani. Akaleta mpimaji kijana, mmoja wa wale niliowafundisha mimi, akiwa na mashine mpya.

Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa kwenye kiti uani, nikimtazama anavyosimamisha fimbo yake. Alipima upande wa kwanza, akapima wa pili, kisha akaingia chumba cha mama. Yeye si mkwe wa mtu, aliingia tu baada ya kubisha hodi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa ujumbe wa msiba.

“Papa,” akasema, “mustari inapita mu katikati ya chumba.”

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Baba mkwe alipojenga vyumba vya nyuma, chumba cha mkewe kilikuwa kidogo mno. Basi akavunja ukuta wa ndani na kuchukua stoo ya nyumba ya mbele, akaiunganisha na chumba. Kwa nje ufa ulibaki pale ulipokuwa, haukusema kitu. Kwa ndani, ile iliyokuwa stoo ndiyo iliyobeba kitanda. Mstari wangu ulipita miguuni pa kitanda, na kitanda chenyewe, pamoja na pembe yake, vilikuwa upande wa mnunuzi. Mtu yeyote aliyeingia ndani na kuweka kiganja ukutani angelijua hilo mara moja.

“Pengine nilikosea kupima,” nikamwambia yule kijana. Nilikuwa namwomba.

“Hapana, Papa. Croquis yenu, ule muchoro, iko juste, iko sawa. Hata centimètre moja haikupotea.”

Alidhani ananisifu.

Tulihangaika. Tulikwenda kwa mwanasheria, akasoma karatasi zote akaniuliza, “Huyu aliyechora ni nani?” Nikasema ni mimi. Akazifunga polepole akanirudishia. Dada na mdogo wake walikuwa wamesaini, benki imesaini, na mstari ulichorwa na mkwe wa mama mwenyewe. Tulimwomba mnunuzi atuuzie ile pembe. Alikuwa ameshalipa kila kitu, na nyumba yake ya mbele ilihitaji stoo yake. “Papa,” akaniambia, “miye nilinunua na karatasi yenye weye ulichora.” Hakusema kwa ubaya. Alitupa muda hadi mvua ziishe, na huo ulikuwa wema, kwa sababu hakulazimika.

Mvua zikaisha. Mafundi walifika asubuhi na nyundo zao, wakakaa kando chini ya ukuta, wakingoja. Mke wangu alikuwa ndani akikunja nguo za mama yake. Mimi nilisimama nje ya pazia, pale niliposimama siku ya chaki. Sikuwa nimewahi kuzungumza na mama mkwe bila mtu wa katikati.

“Mama,” nikasema, “unisamehe. Sikuingia kupima kwa ajili ya heshima.”

 Pazia likafunguka, na alilifungua yeye mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Akanitazama usoni, na mimi nikamtazama, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote.

“Baba Mireille,” akasema, “ungeniomba tu. Ningetoka inje kidogo, weye unapima, miye narudia mule ndani.”

Nikarudi nyuma hatua moja kumpisha. 

“Ingia basi,” akasema. “Kitanda iko muzito, Mama Mireille hataiweza peke yake.”

Nikaingia, bila kitenge na bila kuku. Kwenye pembe, ukutani, kulikuwa na alama nyeusi ya mviringo, mahali kichwa cha baba mkwe kilipoegemea miaka yote, na juu yake msumari wenye rozari. Mama aliichukua rozari. Mimi nilishika kitanda upande wa kichwani, mke wangu upande wa miguu, tukakitoa, na mafundi wakaingia.

Sehemu ya mke wangu ipo mpaka leo. Hati ipo, jina lake lipo, hakuna rehani, hakuna benki inayompigia simu. Ukimweleza mtu habari hiyo kwa karatasi, atasema tulishinda. Ile nusu ya chumba iliyobaki tunaweka humo mifuko ya mahindi. Mama Mireille hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mita yangu aliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, na sijaishusha, na yeye hajaniambia niishushe.

Basi vijana wangu, mkienda kupima nyumba ya watu wanaoachana, ingieni ndani. Kama kuna mgonjwa, kama kuna mwanamke anayejifungua, kama kuna mama mkwe, ombeni. Mwambieni mtu atoke kidogo. Mpeni mkewe mita, mpeni dada, mpeni yeyote anayeruhusiwa kuvuka kizingiti, nanyi msome namba dirishani. Mstari wenu utabaki mnapokuwa mmeshasahau mlikula nini siku ile.

Mama mkwe alihamia kwetu, katika chumba cha mabinti. Sasa tulikuwa tunakula pamoja, kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kufunguka kwa namna ile. Alikuwa na maneno ya kuchekesha, na alinigombeza kwa chumvi nyingi, na niligundua kwamba nilijinyima mama kwa miaka ishirini na saba. Hakumaliza miezi mitatu. Kitanda kilikuwa kilekile, lakini ukuta haukuwa wenyewe, na alikuwa akigeuka huku na huku akitafuta namna ya kulala. Siku moja mchana, mke wangu akiwa sokoni, aliniita kwa sauti ndogo, akaniuliza Makomeno iko upande gani.

Hilo nililijua bila mashine. Nikanyoosha mkono, juu kidogo ya dirisha, kulia kwa kabati. Nikamsaidia kugeuka, na uso wake ukabaki upande ule.